Sauti ya Mkwe Chumbani

Jioni ile Philomena alitoka chumbani kwake mwenyewe haraka haraka, kanga mkononi, kama mgeni aliyekosea mlango. Mkwewe alikuwa ameanza kuongea.

Kalisti mwenyewe alikuwa mbali, huko magharibi, kwenye hospitali ya misheni alikoajiriwa kushughulikia redio koli, zile ambazo misheni huitana kwazo. Lakini sauti yake ilikuwa ndani, juu ya meza ndogo kando ya kitanda cha wakwe zake, na Philomena alikuwa amelelewa na watu wanaojua aibu. Mkwe wa kiume hakanyagi chumba cha mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kichakani. Sasa huyu wa kwake aliingia kila siku saa kumi na moja jioni, kwa waya uliopitishwa dirishani kutoka kwenye mlingoti wa uani, na hapakuwa na wa kumlaumu. Basi Philomena alijiwekea utaratibu: mkwe akiingia, yeye anatoka.

Redio ingeweza kukaa sebuleni. Ilikuwa ya gari, iling'olewa kwenye Land Rover kuukuu ya misheni siku mumewe, Pantaleo, alipostaafu udereva, na mapadre wakamwachia ili watu wa kijiji kile kilicho nyuma ya Mhunze wapate habari za wagonjwa wao. Kibali kilikuwa cha kusikiliza tu. Waya wa kipaza sauti ulikatwa, na mwenyekiti wa kijiji akaja kuuona ulivyokatwa kwa macho yake. Hata hivyo, ilikuwa miaka ambayo mtu akikutwa na katoni mbili za sabuni anaitwa mhujumu uchumi, sembuse redio ya kuitana. Chombo kikawekwa chumbani, na betri yake uvunguni.

Nje, Mageni alikuwa ameshafika. Huyu alikuwa jirani yao, na mumewe alipelekwa hospitali hiyo hiyo ya kina Kalisti kupasuliwa. Wanawake hao wawili walisimama kando ya kinu, pasipofika maneno, hadi mkoromo wa redio ulipokatika na Pantaleo akatokea mlangoni akijifuta jasho.

"Vipi, Baba Anisia?" Mageni aliuliza.

"Mumeo hajambo. Wanasema anakula."

"Anakula nini?"

Pantaleo alikohoa. "Uji."

"Na Anisia?" Philomena alidakia.

"Hajambo. Daktari anamwangalia."

"Na mimba?"

"Si ndiyo hiyo hiyo anayoiangalia?"

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Basi hali haijabadilika. Ulitaka ibadilike?"

Mageni aliaga akaenda zake ameridhika na uji. Philomena hakuridhika. Anisia, mke wa Kalisti, alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki hai, na alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, ikaanza kumtisha, wakamlaza huko huko hospitalini. Philomena alitaka kujua kama binti yake anatoka damu au hatoki, kama amevimba miguu, kama analala. Mumewe alimletea kila jioni neno moja tu, hajambo.

"Tatizo ni redio," Pantaleo alisema walipobaki wawili. "Imezeeka. Mtu anaongea kama yuko ndani ya gunia. Tununue nyingine."

"Kwa pesa ipi?"

Pantaleo aligeuka akatazama zizini.

Afadhali niseme mapema, msomaji asije akamchukia bure. Pantaleo hakuwa mwongo kwa tabia. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza pembeni ya injini inayonguruma, vioo wazi, kutoka misheni moja hadi nyingine, na sasa redio ilipofunguliwa alisikia mkoromo, kisha jina la Anisia likielea katikati ya mkoromo. Kwa kuwa aliyeongea hakulia, alichukulia kuwa mambo ni mazuri. Bahati nayo ilimharibu: wagonjwa wengi aliowaponya kwa mdomo wake walirudi kijijini wamepona kweli, na watu wakamshukuru kwa kuku.

Dume jekundu waliloliuza wapate pesa ya redio lilikuwa limezaliwa na ng'ombe wa mahari ya Anisia. Philomena mwenyewe ndiye aliyekubali. Kama ni ng'ombe wa Anisia, alijiambia, basi afe kwa ajili ya Anisia.

Mnadani Mhunze mnunuzi alimzunguka dume, akamshika mkia, akamfunua meno, akatema mate pembeni. Mtu anayeuza dume wakati wenzake wanatafuta madume ya kulimia ana shida, na mnunuzi alijua. Alitaja bei, Pantaleo akatikisa kichwa, mnunuzi akaanza kuondoka polepole. Alipofika kwenye marundo ya chumvi, Pantaleo alimwita arudi.

"Mnauguza?" mnunuzi aliuliza, akiwa sasa na huruma ya mtu aliyeshinda.

"Tunanunua redio," Pantaleo alisema.

Watu waliokuwa karibu walicheka. "Redio! Mzee anataka dansi!" mmoja alipiga kelele, na mwingine akamkatikia Philomena kiuno. Philomena alijifunika kanga hadi mdomoni. Angeweza kuwaambia ni redio ya aina gani, lakini hiyo nayo haikuwa habari ya kutangazwa mnadani.

Fundi Valerian alikuwa na kibanda chake Shinyanga mjini, upande wa stesheni ya reli. Alikuwa kijana mwenye kucha zilizoungua na risasi ya kuunganishia waya, na alijua redio koli za misheni zote za ukanda ule kwa majina ya mapadre wake. Philomena alimwamkua, akaweka kikapu, kisha akaenda sokoni kutafuta sabuni.

Valerian alifungua redio ya zamani, akaipuliza vumbi, akaiunganisha na betri. Sauti ikatoka ya padre mmoja huko Bukombe akilalamika kuhusu saruji.

"Mbona inasikia hii?" Valerian alisema.

"Haisikii."

"Mzee, inasikia. Huyu anasema mifuko imelowa."

"Wewe umeizoea milio. Sisi huko kwetu haisikiki."

Valerian alizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, akazungusha tena kurudi. Alimtazama mzee, akaona jinsi alivyoiangalia midomo yake kila alipoongea. Akainama juu ya meza.

"Mzee, tuongee kiume. Tatizo si redio."

"Eti?"

Ikabidi alirudie, kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo lilikuwa gumu hata kulisema mara ya kwanza. Safari hii Pantaleo alisikia. Alitazama vile vyuma mezani. Mambo mengi yalimjia: mke wake anayemwita mara tatu uani, kengele ya kanisa anayoiona ikiyumba, jioni zote zile pembeni ya kitanda akibahatisha. Alijua fundi anasema kweli. Akaogopa kweli hiyo kuliko alivyowahi kuogopa mto uliofurika.

"Mimi nimekuja kununua redio," alisema. "Kama huuzi, niambie niende kwa wengine."

Hapo hapo Philomena akarudi. Valerian angeweza kuwa mtoto wa Pantaleo kwa umri, na kumvua mzee nguo mbele ya mkewe si jambo alilofundishwa nyumbani kwao. Alinyamaza, akavuta redio mbili kutoka chini ya meza. Mimi simsifu kwa heshima hiyo, lakini naielewa.

Moja ilikuwa ndogo, ya kijivu, imetoka kwenye gari la daktari. Nyingine ilikuwa kubwa kama sanduku la shule, ya lori la kampuni ya barabara, na spika yake ilitengenezwa kushindana na tingatinga.

"Hizi si redio za kuzungusha sindano mkatafuta stesheni," Valerian alimweleza Philomena, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamsikia. "Kila moja husikia pale inapoelekezwa tu. Kinachoielekeza ni hiki." Alichomoa kwenye ile ya zamani kidude cha bati kisichozidi kucha ya kidole gumba. "Kristali. Hii ndiyo hospitali yenu, na misheni zote zinazoitana nayo. Naihamishia kwenye ile mtakayochagua."

Alikichomeka kwanza katika redio ndogo. Kisha akachukua kijiti cha plastiki chenye ncha bapa, akaanza kugeuza skrubu ndogo ndogo zilizojificha ndani ya vikopo vya koili, moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama. Akigeuza kidogo, sauti inanona. Akipitiliza, padre anapotea na mluzi unashika nafasi yake. Philomena alisahau sabuni yake akimwangalia. Mwishowe fundi alishika kitufe cha mbele cha kusafishia sauti, akakisogeza taratibu, na padre wa Bukombe akawa kama ameketi nao pale kwenye benchi. Kila neno lilikaa mahali pake. Hata pumzi yake ilisikika kabla hajaongea.

"Mungu wangu!" Philomena alisema. Padre hakuwa mkwe wake, kwa hiyo alisikiliza bila woga, na kwa mara ya kwanza akaelewa mumewe alikuwa anapata nini kila jioni. "Baba Anisia, tuchukue hii."

"Haisikiki," Pantaleo alisema.

"Haisikiki vipi? Si huyo anasema wamwage saruji yote?"

"Ina sauti ya mbu. Tujaribu ile nyingine."

Valerian alihamisha kristali, akarudia kazi yote ya skrubu, akafungua. Redio kubwa ilibweka. Maneno ya padre yaligongana ndani ya spika, mabati ya kibanda yakatetemeka, na mwuza karanga aliyekuwa nje akachungulia kuona nani anagombana.

Uso wa Pantaleo ulifunguka. "Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo redio."

"Mzee, hii ni kelele," Valerian alisema kwa unyenyekevu. "Ile ndogo ni safi zaidi, na haili betri."

"Nani anayesikiliza, wewe au mimi?"

Philomena alimtazama mumewe, kisha akamtazama fundi, na fundi akainamisha macho. Kitu kilimgusa moyoni lakini hakukishika. Aliona ni ukaidi wa kidereva tu, wa watu wanaopenda vitu vikubwa.

"Na hii ya kuongelea, si tungebaki nayo?" aliuliza fundi alipoanza kufungua kipaza sauti. "Hata kumwambia tu mtoto kwamba tunasikia?"

"Mama, ukijibu bila kibali mtalala ndani wewe na mzee." Akaukata waya, na pale ulipokatwa akapazungushia utepe mweusi.

Walirudi kijijini na mzigo wao juu ya lori la pumba, baada ya kukwama njiani kwa sababu ya mvua hadi Philomena akaacha kuuliza leo ni siku gani. Kesho yake Pantaleo alipeleka betri kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga, akaunga waya wa mlingoti, akafuta vumbi mezani. Saa kumi na moja ilipokaribia aliketi kitandani, mikono magotini. Alikuwa amejinunulia matumaini kwa dume zima. Mageni alikuja kusimama pale pale kando ya kinu, na Philomena akajiondoa hadi jikoni, kibanda kilichokuwa ng'ambo ya uwanja, akawasha moto.

Sauti ya Kalisti ilitoka dirishani, ikavuka uwanja, ikaingia jikoni. Ng'ombe waliinua vichwa. Philomena aliziba masikio kwa viganja vyake vyenye unga, mwanamke mzima aliyefukuzwa na mkwe hadi mekoni. Lakini redio ile ilitengenezwa kushindana na tingatinga, na viganja havikutosha.

"Mgonjwa wenu wa kupasuliwa aliruhusiwa wiki iliyopita," sauti ilisema. "Mume wa Mageni. Yuko hapa barazani, anangoja mtu wa kumchukua. Nimetangaza mara nyingi."

Mageni alishika mdomo.

"Baba, shikamoo. Sijui kama unanisikia. Narudia yale niliyosema jana na juzi." Palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ikarudi chini kidogo. "Mtoto tulimzika Jumatatu. Alikuwa wa kiume. Aliishi mchana ule mmoja tu. Padre alimbatiza, na Anisia akataka aitwe Pantaleo."

Philomena alishusha mikono kutoka masikioni.

"Anisia yuko hai. Ila hali chakula wala haongei na mtu. Tangu kabla hajajifungua nilikuomba, Baba, umwambie Mama aje, daktari alitaka mama yake awe karibu. Kila jioni nimeomba. Anisia ananiuliza amemkosea nini mama yake. Namwambia huenda redio yenu imeharibika. Mwanzoni aliniamini. Baba, kama unanisikia, mwambie Mama. Nimemaliza."

Redio ilinyamaza. Misheni zote, kuanzia Kishapu hadi ziwani, zilikuwa zimesikia, na waliokuwa hewani wakawapisha wafiwa kidogo kabla mmoja wao hajaingia na habari za dizeli.

Pantaleo alitokea mlangoni. Alikuwa amesikia kelele ambayo hajaisikia kwa miaka, kelele nzuri, nzito, yenye mkwe wake ndani yake. Maneno hayakuwemo. Alisimama akiwatazama wanawake wale wawili, na ikambidi achague, akachagua alichokizoea.

"Hii sasa ni mashine!" alisema. "Mageni, mumeo hajambo, anakula. Mama Anisia, binti yako anakusalimu sana."

Mageni alitazama chini. Alikuwa na haki ya kumtukana, kwa ile wiki nzima ambayo mumewe alikaa barazani mwa watu. Lakini alikuwa amesikia pia msiba wa Jumatatu. "Ahsante, Baba Anisia," alisema, akaondoka akijishika kiuno.

Philomena alirudi kwenye chungu chake. Aliona kwamba akifungua mdomo anakiri kuwa amekaa akasikiliza sauti ya mkwe wake hadi mwisho, na aibu ile ya utotoni ilimshika kwa nguvu zake zote. Halafu akaona jinsi ilivyo ndogo. Alimwonea uchungu mtoto aliyezikwa, akamwonea uchungu zaidi yule aliye hai anayedhani mama yake amemsusa. Na alijichukia. Jioni zote zile alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka dirishani, akilinda heshima.

Mumewe alikuja akainama mlangoni mwa jiko. "Unalia? Ni moshi?"

"Mtoto amekufa," Philomena alisema akiwa amempa mgongo.

"Eti?"

Aligeuka. Alimwona anavyoikodolea midomo yake, akakumbuka fundi alivyoinamisha macho, na sasa kitu kile alikishika. Hasira ilimpanda akasimama, akamshika bega, akamsogezea mdomo sikioni na kupiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"Mtoto wa Anisia amekufa! Wamemzika! Walimpa jina lako!"

Pantaleo alirudi nyuma akagota ukutani. "Nani kakwambia?"

"Mkweo! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Umemsikia? Wewe?"

"Kijiji kizima kimemsikia! Wewe tu ndiye hukumsikia!"

Pantaleo alikaa chini, pale pale kwenye majivu. Kisha alisema, "Mwanzoni nilidhani ni redio. Naapa, Mama Anisia. Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Fundi aliniambia." Alijishika masikio kama yanamuuma. "Niliona aibu. Dereva asiyesikia ni mtu gani? Wangeichukua redio wampe mwingine, na watu wasingekuja tena hapa nyumbani."

Philomena angemwambia mengi. Alikuwa nayo, na mengine yanamwasha ulimi. Lakini ili ayaseme ingebidi apige kelele, na moyo wa kupiga kelele ulikuwa umemwishia. Alikaa naye majivuni, akamshika mkono, wakamlilia mjukuu wao, yeye kwa sauti na mumewe bila sauti. Chungu kikaungua.

Asubuhi Mageni alifika na kifurushi chake, tayari kwenda kumchukua mumewe. Philomena alikuwa amefunga nguo mbili na unga wa lishe. Alisema waziwazi, bila kujali anayesikia, kwamba akifika hospitalini ataingia moja kwa moja kwenye chumba cha redio amwambie Kalisti kwa mdomo wake kwamba mama hajasusa. Aibu itajua yenyewe pa kujificha.

Pantaleo alitoka amevaa koti na viatu.

"Wewe unakwenda wapi?" Philomena alimwuliza kwa ishara ya mkono.

"Kwa mwanangu. Nitamwambia mwenyewe. Asikuhesabie wewe kosa langu."

Philomena alimsogelea sikioni. "Kalisti ataita tena jioni. Tukiondoka wote, nani atabaki kusikiliza?"

Pantaleo alivuta mlango, akafunga kufuli.

"Kwani siku zote hizi," alisema, "nani alikuwa anasikiliza?"